Diski ya MB 120 ya marehemu mjomba: BIOS inaiona, FDISK inaiona, ila haibuti

#1 KibodiNgumu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Naombeni akili zenu kabla sijaharibu.

Marehemu mjomba aliacha kompyuta ya 386SX yenye DOS 5. Ilikaa kabatini miaka mingi. Nilipoifungua nikakuta betri ya kwenye mazabodi imevuja, imekula njia za shaba kuanzia kwenye soketi ya kibodi mpaka karibu na chipu za BIOS (programu ya kuwashia mashine). Haiwaki kabisa. Diski yake lakini inazunguka vizuri, haigongi wala hailii, nikaona niihamishie kwenye 486 yangu ambayo ni nzima.

Kwenye 486 nikaingia setapu, nikachagua ile ya BIOS kuitambua diski yenyewe. Ikaleta vipimo ambavyo mashine hutumia kutafuta mahali kwenye diski: silinda 762, vichwa 8, sekta 39. Nikalinganisha na lebo ya juu ya diski: namba ni zilezile. Nikafurahi. Kuwasha, inasimama hapa:

Missing operating system

Nikabuti kwa flopi ya DOS 6.22, nikaendesha FDISK (programu ya kugawa diski), chaguo la 4 la kutazama tu. Patisheni (kipande cha diski kilichogawanywa) ipo: PRI DOS, ina alama ya A (ya kubuti), MB 112. Chini inasema diski nzima ni MB 116. Kwa hiyo patisheni haijafutika!

Nimejaribu pia adapta ya IDE (muunganisho wa diski hizi) kwenda USB kwenye laptopu. Diski inazunguka, laptopu haioni kitu.

Ninachotaka ni barua zake, aliandika kwa WordPerfect 5.1. Kubuti si lazima. Sijaandika chochote kwenye diski mpaka sasa.

#2 JampaMoja

Rahisi hiyo mkuu. FDISK /MBR halafu SYS C: mchezo umeisha. Nimefanya mara mia.

#3 DadaKebo

Mwanzisha uzi, USIFANYE hivyo. Jampa, mtu kasema ana barua za marehemu, wewe unamwambia aandike juu ya diski kabla hajajua ugonjwa? SYS inaandika IO.SYS na MSDOS.SYS. Kama mashine inahesabu sekta vibaya, hayo mafaili yatatua juu ya nini?

#4 JampaMoja

FDISK /MBR haigusi jedwali dada, inaandika upya programu ya buti tu. Soma kwanza.

#5 DadaKebo

Nimesoma, asante. Sekta ya kwanza ina baiti 512: 446 za programu, 64 za jedwali la patisheni, 2 za sahihi ya 55 AA. FDISK /MBR inaacha jedwali IKIWA sahihi ipo. Isipoiona, jedwali nalo linaweza kufutwa. Na kuna virusi vya zama hizo, mfano Monkey, vilivyohamisha sekta halisi ya kwanza vikaificha kwingine. Ukipiga FDISK /MBR hapo umefukuza mwizi na funguo za nyumba kaondoka nazo. Tena wenye diski zilizowekewa Ontrack Disk Manager wanajua kilichowapata.

Na hata tukisema ni salama, inatibu nini hapa? Maneno "Missing operating system" yanatoka kwenye hiyohiyo programu ya buti. Kama imeweza kuandika kwenye skrini, basi iko hai.

#6 MzeeWaFlopi

Hapo kwa DadaKebo ndipo penyewe, tusipapite haraka.

Programu ya sekta ya kwanza ina malalamiko matatu tu. "Invalid partition table": jedwali lina kasoro, kwa mfano patisheni mbili zote zimewekewa alama ya kubuti. "Error loading operating system": nimejaribu kusoma sekta ya buti ya patisheni, diski imekataa. "Missing operating system": nimesoma, diski imenipa sekta bila kinyongo, ila mwishoni mwake hakuna 55 AA. Maana yake diski haina kosa la kusoma. Imesoma vizuri sana, ila imesoma mahali pasipo.

KibodiNgumu, nijibu mawili. Moja, kwenye ile 386 setapu ilikuwa na nafasi ya kujaza silinda na vichwa mwenyewe, au ni orodha ya namba tu, unachagua aina ya 1, ya 2, ya 3? Mbili, unakumbuka ilikuwa aina ya ngapi?

#7 KibodiNgumu

Shikamoo mzee. Nakumbuka nikiwa mdogo ilikuwa orodha tu, unapandisha na kushusha namba. Mjomba alikuwa ameandika namba kwenye karatasi ndani ya kifuniko lakini maji ya betri yamefika na huko, haisomeki.

#8 MzeeWaFlopi

Marahaba mwanangu. Basi nimeshashuka kituo, nyie malizieni safari. Ila wacha nieleze kwa ajili ya wanaosoma kimyakimya.

BIOS za zamani zilikuwa na aina za diski zilizochongwa ndani ya ROM. Aina ya 2, kwa mfano, ni silinda 615, vichwa 4, sekta 17, yaani MB 20 za enzi hizo. Aina ya 17 ni 977, 5, 17. Karibu zote zina sekta 17 kwa sababu diski za MFM, zilizotangulia IDE, ndivyo zilivyokuwa. Ikaja IDE, diski ikawa na akili yake: ukiiambia "nichukulie wewe una vichwa 15 na sekta 17", inakubali, inafanya hesabu kimoyomoyo na kukupa sekta unayotaka. Kwa hiyo fundi aliyekuwa na diski ya MB 120 na BIOS isiyo na pa kujaza namba alitafuta kwenye orodha aina yoyote isiyozidi ukubwa wa diski, akaichagua, akafomati, maisha yakaendelea. Lebo ya diski inasema kitu kimoja, patisheni imegawanywa kwa kitu kingine.

Sasa wewe umeipeleka kwenye 486 inayoiuliza diski jina lake la kuzaliwa. Ikajibu ukweli: 762, 8, 39. Na ukweli huo ndio uliokuponza.

Jedwali linasema sekta ya buti iko silinda 0, kichwa 1, sekta 1. Kwa hesabu ya sekta 17 kwa kila njia, hapo ni sekta ya 17 tangu mwanzo wa diski, ukianza kuhesabu na 0. Kwa hesabu ya sekta 39, hapohapo panakuwa sekta ya 39. Mashine inakwenda ya 39, inakuta kipande cha FAT (jedwali la kuonyesha mafaili yako wapi), haioni 55 AA, inalalamika. Sekta ya kwanza kabisa yenyewe haihami, silinda 0 kichwa 0 sekta 1 ni palepale kwa hesabu yoyote. Ndiyo maana FDISK inaliona jedwali kana kwamba hakuna tatizo.

Hiyo ni dhana tu mpaka tuone baiti. Buti kwa flopi, ingia DEBUG (programu ya DOS ya kutazama baiti), andika haya. Yanasoma tu, hayaandiki kwenye diski:

a 100
mov ax,0201
mov bx,0200
mov cx,0001
mov dx,0080
int 13
int 3
(bonyeza Enter mstari mtupu)
g=100
d 3be l 42
q

Angalia sana 0201. Ukikosea ukaandika 0301 umegeuza kusoma kuwa kuandika, na hapo mimi na wewe hatujuani. Nakili baiti 16 za kwanza zitakazotokea, kuanzia 80.

#9 NuruYaSkrini

Naweka kambi hapa. Samahani kuingilia, mimi tatizo langu linafanana: kadi ya CompactFlash ya GB 4 kwenye 486, niliigawanya kwenye laptopu, DOS 6.22 inaniambia patisheni ni "Non-DOS". Nifungue uzi mwingine au?

#10 DadaKebo

Kaa hapahapa Nuru, ugonjwa ni wa ukoo mmoja. Subiri tummalize mgonjwa wa kwanza.

#11 FundiVumbi

Kwa uzoefu wangu diski za zamani zinataka lo-leveli fomati. DEBUG, halafu g=c800:5, inaanza upya kama mpya.

#12 MzeeWaFlopi

FundiVumbi, hiyo ni ya kuita programu iliyo ndani ya ROM ya kontrola ya MFM au RLL. Kwenye IDE kontrola iko juu ya diski yenyewe, na pale c800 unaweza usikute chochote au ukakuta ROM ya kadi nyingine. Na kwenye MFM ambako inafanya kazi, inafuta kila kitu. Mtu anatafuta barua.

#13 FundiVumbi

Nilisoma haraka, sikuona mambo ya barua. Nafuta kauli.

#14 KibodiNgumu

Nimerudi. Nimeangalia 0201 mara nne kabla ya kubonyeza, mkono ulikuwa unatetemeka. Baiti 16 za kwanza:

80 01 01 00 06 0E D1 82 11 00 00 00 6C 7F 03 00

Zilizofuata zote ni 00, na mwisho kabisa ipo 55 AA.

#15 DadaKebo

Mzee, nikushike mkono?

#16 MzeeWaFlopi

Shika tu binti, mimi nanywa maji.

#17 DadaKebo

Haya. Nafuata kutoka kushoto.

80 ni alama ya kubuti. 01 01 00 ni mwanzo: kichwa 1, sekta 1, silinda 0. 06 ni aina, FAT16 ya zaidi ya MB 32. Mpaka hapo kila diski ya DOS inafanana.

0E D1 82 ndio mwisho wa patisheni, na hapa kuna utamu. 0E ni kichwa cha 14. D1 imebeba vitu viwili: biti 6 za chini ni sekta, yaani 11 ya heksa (hesabu ya kumi na sita), ambayo ni 17. Biti 2 za juu ni za silinda, zinaungana na 82 kupata 382 ya heksa, ambayo ni 898. Kwa hiyo patisheni inaishia silinda 898, kichwa 14, sekta 17.

Kisha 11 00 00 00, inasomwa kinyumenyume: sekta 17 zimetangulia kabla ya patisheni. Hii namba peke yake ingetosha kumhukumu mtu. FDISK ya DOS huanzisha patisheni ya kwanza kwenye kichwa 1 sekta 1, hivyo sekta zilizotangulia ni njia moja kamili. Zikiwa 17, aliyegawanya alihesabu 17 kwa njia. Zikiwa 63, alihesabu 63. Zingekuwa 39 ningekubali kwamba BIOS yako ya sasa iko sahihi.

6C 7F 03 00 ni idadi ya sekta: 229,228. Tuhakikishe. Silinda 0 mpaka 898 ni silinda 899, mara vichwa 15, mara sekta 17, ni 229,245. Toa zile 17 za mwanzo, 229,228. Imefunga bila kubaki hata sekta moja.

Vichwa 15, sekta 17. Aina ya 9 kwenye orodha ya zamani ni 900, 15, 17. Silinda ya mwisho iliachwa, FDISK za zamani zilikuwa na tabia ya kuiacha kwa ajili ya majaribio ya diski. Aina ya 9 ina sekta 229,500, diski ina 237,744. Mjomba alichagua aina iliyokaribia zaidi bila kuzidi na akakubali kupoteza MB 4. Ndiyo ile tofauti ya 112 na 116 uliyoiona siku ya kwanza.

#18 MzeeWaFlopi

Sina cha kuongeza.

Nadanganya, ninacho: usichague kutambua yenyewe tena. Weka aina ya 47 au USER, jaza mwenyewe, na kama setapu inakuuliza NORMAL, LARGE au LBA, chagua NORMAL. Hizo nyingine mbili zinaongeza tafsiri yake juu ya tafsiri ya diski, utakuwa na wakalimani wawili wasioelewana.

#19 JampaMoja

Nakubali nimeelimika. Kumbe ningemwangamiza jamaa.

#20 KibodiNgumu

Wakuu, nimejaza, nimehifadhi, nimewasha. Sasa inasema:

Non-System disk or disk error
Replace and press any key when ready

Hakuna flopi ndani, nimehakikisha. Je, diski imekufa?

#21 MzeeWaFlopi

Haijakufa, umesogea hatua moja mbele. Ujumbe huo hautoki tena kwenye sekta ya kwanza ya diski, unatoka kwenye sekta ya buti ya patisheni. Maana yake safari hii imeipata. Ila ilipokwenda kutafuta IO.SYS kwenye saraka kuu haikuikuta.

Niambie ulijaza nini, neno kwa neno.

#22 KibodiNgumu

Silinda 900, vichwa 14, sekta 17.

#23 DadaKebo

Hahaha, kosa langu hilo, sikukuandikia wazi. Vichwa huhesabiwa kuanzia 0. Kichwa cha 14 ndicho cha mwisho, kwa hiyo viko 15. Sekta ndizo zinaanzia 1, usiniulize kwa nini, aliyepanga hivyo alikuwa na yake.

Ulipoweka 14, mwanzo wa diski ulibaki sawa kwa sababu hesabu ya sekta 17 ilikuwa sahihi. Sekta ya buti ikapatikana. Lakini ndani ya sekta hiyo kumeandikwa "mimi nina vichwa 15". Saraka kuu iko mbele ya FAT mbili, na kwa patisheni hii kila FAT ina sekta 224, kwa hiyo inaangukia silinda ya 1, kichwa 12. Kuanzia silinda ya 1 hesabu ya vichwa 14 na ya vichwa 15 zimeshaachana. Ilikwenda kichwa 12 kwa adabu zote, ikakuta sekta ya FAT badala ya saraka.

#24 KibodiNgumu

INAWAKA!!!

Imepita HIMEM, imepita orodha ya madereva, ikaja C:\> na mstari mmoja aliouweka mwenyewe kwenye AUTOEXEC.BAT: "Karibu. Funika kibodi ukimaliza." Nimekaa kwanza.

Saraka ya WP51 ipo, na ndani yake saraka ya BARUA ina mafaili 211.

Nimefungua mawili. La tatu limesimama katikati, "Data error reading drive C", Abort, Retry, Fail. Nimebonyeza A nikazima mashine. Sasa nifanye nini? Laptopu haiioni kwa USB na flopi zangu nzima ni tatu.

#25 MzeeWaFlopi

Pole na hongera kwa pamoja.

Umefanya vizuri kuzima. Usiendeshe CHKDSK /F wala SCANDISK mpaka uwe na nakala. Hizo zinarekebisha mfumo wa mafaili, na kurekebisha ni kuandika. Faili lenye sekta mbovu moja linaweza kukatwa likawa vipande vyenye majina FILE0000.CHK, na wewe ukabaki unayaunganisha kama chungu kilichovunjika.

Kuhusu USB: diski nyingi za umri huo zinajua lugha ya silinda, vichwa na sekta tu, na adapta nyingi za USB zinasema LBA peke yake, yaani kuzitaja sekta kwa namba moja tu tangu mwanzo wa diski. Adapta nzima, diski nzima, lugha ndio hawana. Achana nayo. Nakili kutoka humohumo kwenye 486.

#26 DadaKebo

Na hapa ndipo Nuru anaingia. KibodiNgumu, unahitaji kadi ya CompactFlash na ile adapta yake ya IDE. Kadi hizo zenyewe zinazungumza IDE, adapta ni waya tu, haina akili yoyote. Iweke kama diski ya pili, nakili humo, kisha kadi inaingia kwenye laptopu kupitia kisoma kadi cha kawaida.

Ila kadi lazima igawanywe kwenye 486 yenyewe, wala si kwenye laptopu. Nuru, kadi yako ilianza kwenye sekta ya 2048, siyo? Na laptopu iliifomati FAT32?

#27 NuruYaSkrini

Umejuaje? 2048 ndiyo, na aina inasema 0C.

#28 DadaKebo

Programu za sasa huanzisha patisheni kwenye MB 1 kamili, yaani sekta ya 2048, hazijali silinda. Na 0C ni FAT32 ya LBA. FAT32 ilikuja na Windows 95 OSR2 mwaka 1996. DOS 6.22 ni ya 1994. Unamwonyesha mtu herufi ambayo ilikuwa haijabuniwa alipokuwa shule, anaandika "Non-DOS", sio kosa lake. Hata ungeifomati FAT16, ukaacha aina ya 0E badala ya 06, asingeitambua.

Ingia FDISK ya 6.22 kwenye 486, chaguo la 3, kisha futa hiyo Non-DOS. Tengeneza patisheni upya hapohapo, iwekee alama ya kubuti kwa chaguo la 2, toka, washa upya, FORMAT C: /S. Kadi ikionyesha mshale unaopepesa bila neno, hapo ndipo FDISK /MBR ina kazi, kwa sababu kadi mpya haina programu ya buti kabisa. Jampa, umeona, dawa yako ina ugonjwa wake.

#29 JampaMoja

Nimekaa kimya nikajua siku itafika 😂

#30 NuruYaSkrini

Imekubali! Lakini FDISK inaona MB 504 tu. Kadi ni GB 4. Zimekwenda wapi nyingine?

#31 FundiVumbi

Hili nalijua, nijaribu kujikomboa. BIOS inaweza kutaja silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. IDE inaweza kutaja silinda 65,536, vichwa 16, sekta 255. Ukiwakutanisha, kila mmoja anabana mwenzake na unabaki na kilicho kidogo kila upande: 1024 mara 16 mara 63, mara baiti 512. Hizo ni baiti 528,482,304, ambazo ni MB 504 kwa hesabu ya FDISK. BIOS ya 486 yako haina LBA, basi ndio ukuta wake.

Mbele kuna kuta nyingine. FAT16 ya DOS inaishia GB 2 kwa patisheni. BIOS zenye LBA za kwanza zinaishia GB 8.4. Kuna BIOS za miaka ya tisini mwishoni zinazoganda kabisa zikiona diski inayozidi GB 33.8, hata setapu huingii mpaka uitoe au uweke jampa ya kupunguza ukubwa. Kisha GB 137, hapo LBA ya biti 28 imekwisha. Na FDISK ya Windows 98 ya mwanzo ikipewa diski ya zaidi ya GB 64 inatoa ukubwa uliopungua GB 64, watu wamerudisha diski nzima dukani kwa sababu hiyo.

Ukitaka GB zote 4 tafuta ROM ya XT-IDE Universal BIOS, inakaa kwenye soketi ya ROM ya kadi ya mtandao. Lakini kwa DOS 6.22, MB 504 utajaza na nini?

#32 NuruYaSkrini

Kweli. Michezo yote niliyonayo haifiki 200.

#33 MzeeWaFlopi

FundiVumbi umejikomboa na riba juu.

#34 Mpitanjia

Na kwenye Amiga je? Hesabu hizi zinaingia?

#35 FundiVumbi

Amiga haina jedwali hili. Inatumia RDB iliyoandikwa mwanzoni mwa diski, na chombo chake ni HDToolBox. Ukuta unaokusumbua kule ni GB 4 kwa mifumo ya zamani, na ukiweka kadi kwenye IDE ya A600 au A1200 kumbuka MaxTransfer iwe 0x1FE00, la sivyo mafaili makubwa yanaharibika kimyakimya. Fungua uzi wake, humu tutachanganyana.

#36 KibodiNgumu

Ripoti. Nimepata kadi ya MB 256, nimeigawanya na kuifomati kwenye 486. Kwenye kebo moja diski na kadi ziligombana: diski ikiwa bwana (master) kadi haionekani, nikibadilisha diski haionekani. Nikahamishia kadi kwenye kebo ya pili, amani ikarudi.

Nilianza na saraka ya BARUA peke yake, kama tahadhari, kisha ndio nikanakili zilizobaki. Mafaili 211, yaliyogoma ni 4. Kwa hayo manne nilibonyeza R mara nyingi mpaka nikaona aibu. Mawili yalikubali, moja baada ya majaribio kama thelathini. Mawili yaliyobaki niliacha.

Kadi imeingia kwenye laptopu bila swali lolote. LibreOffice imefungua barua za WordPerfect vizuri, isipokuwa mistari ya jedwali imepinda.

#37 DadaKebo

Hayo mawili usiyatupe. Zima mashine, iache ipoe kabisa, jaribu kesho asubuhi kabla diski haijapata joto. Wakati mwingine sekta inayogoma ikiwa moto inasoma ikiwa baridi, na wakati mwingine kinyume chake. Jaribu pia kuiegemeza kwa ubavu.

#38 JampaMoja

Na ile mazabodi ya 386? Unaitupa?

#39 MzeeWaFlopi

Asitupe. Atoe betri leo, sio kesho. Watu husema asidi imevuja, lakini betri zile za nikeli ni alkali, ndiyo maana siki inazisafisha. Apake siki kidogo kwa brashi ya meno, asuuze kwa spiriti, aache ikauke, kisha apime njia moja moja. Zilizokatika zinaungwa kwa waya mwembamba. Nimefufua mbovu kuliko hiyo.

#40 KibodiNgumu

Nimeitoa betri, siki imechemka kama soda.

Moja kati ya yale mawili limesoma asubuhi hii, diski ikiwa imesimama ubavu. Ni barua kwa mama yangu, ya mwaka 1993, anamuulizia kama nimeanza kutembea. Moja limebaki, nitalijaribu tena kesho.

Nimekata karatasi, nimeandika 900 / 15 / 17 NORMAL kwa kalamu ya wino mzito, nimeibandika juu ya lebo ya kiwandani.

#41 DadaKebo

Weka na selotepu juu yake, wino unafutika.